Kunyamazia Maji

Mara ya kwanza seva zetu mbili zilizungumza zikiwa bega kwa bega juu ya meza moja mjini Voi, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila moja ilikuwa kompyuta ndogo, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Moja tuliiita Juu, nyingine Chini. Juu ingekwenda kukaa kwenye mlima wa Kasigau, penye tangi la maji, na Chini ingekaa kwenye mashamba yaliyo chini ya mlima. Juu ikatuma neno "nimefungua." Chini ikajibu "nimesikia." Katikati hapakuwa na muda hata wa kuvuta pumzi. Nikacheka.

"Unachekea nini, buda?" bosi akauliza.

"Zinaongea."

"Kwani ulidhani zitapigana?"

Nilimwita bosi kwa utani, naye akaniita buda, yaani mzee, maana nilimzidi umri lakini yeye ndiye aliyekuwa akinilipa. Wazazi wake walishuka kutoka bara wakafungua duka la nafaka Voi. Yeye alizaliwa hapo, akasomea kompyuta hadi chuo kikuu, na badala ya kubaki Nairobi akarudi kupanga chumba juu ya misumari na saruji. Mimi niliacha shule kidato cha pili. Nimepakia mkonge, nimekuwa utingo wa lori la ndizi za Taveta, nimechimba vito katika mashimo ambayo hayakunipa chochote ila kikohozi. Kisha nilifagia saiba moja, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, karibu na stendi, na hapo nilikaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mwenye saiba aliniachia mashine moja yenye kibodi mbovu niitumie wateja wakiisha. Herufi mbili zilikuwa zimekufa. Nilizinakili kutoka kwenye kurasa za watu na kuzibandika mahali zilipotakiwa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika programu.

Waliokuja saiba na kusikia habari za JavaScript, lugha ya programu niliyojifunza, walidhani kazi yake ni kufanya vitufe vya tovuti vibadilike rangi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipojua kwamba inaweza kukaa ndani ya seva, mahali ambapo hakuna tovuti wala mtu anayetazama, ikafanya kazi kimya mchana kutwa. Kilichoninasa zaidi kilikuwa soketi. Sisemi ile ya ukutani ya kuchomeka chaja. Kwa kawaida kompyuta moja huiuliza nyingine swali, ikajibiwa, kisha zikaachana kama watu waliopishana sokoni. Ikitaka kujua lingine inaanza upya: hodi, mimi fulani, naomba hiki. Soketi ni tofauti. Mlango hufunguliwa mara moja na kuachwa wazi, na kila upande unaweza kusema wakati wowote bila kupiga hodi. Seva mbili zikiwa na mlango kama huo kati yao, habari inafika papo hapo. Nilikaa na jambo hilo kichwani kama mtu aliyesikia kwamba kuna barabara nyuma ya nyumba yake na hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo bosi alipopata kazi ya maji ya Kasigau na kutafuta mtu wa kupanda naye mlima akibeba betri, nilikuwa tayari kabla hajamaliza sentensi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Maji yanatoka msituni juu ya mlima, mahali ambapo ukungu haukauki, yanaingia kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi bomba linateremka hadi kwenye kibanda kidogo cha mawe kilicho katikati ya mashamba. Maji hayawatoshi wote kwa pamoja, kwa hiyo kila shamba lina zamu yake ya saa tatu kwa wiki. Tangu zamani mlinzi wa tangi alifungua valvu kwa mkono, akampigia simu mwenye zamu, akasubiri aambiwe "yamefika," ndipo aanze kuhesabu saa tatu. Sasa kamati ya maji ilitaka valvu ifunguke na kujifunga yenyewe. Juu ingefungua na kuipasha habari Chini. Maji yakifika, mwenye zamu angebonyeza kitufe cha kijani kibandani, Chini ingeituma habari hiyo mlimani, na saa tatu zingeanza. Mwanzoni tulikuwa tumeweka mita ya shaba ya kupima maji ili pasiwe na haja ya kitufe, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua shaba, na mita haikumaliza wiki.

Kamati iliongeza sharti moja. Ikiwa maji yamefunguliwa na nusu saa ikapita bila habari kutoka chini, valvu ifunge. Walisema ni kwa sababu ya ndovu. Wakati wa kiangazi ndovu hunusa bomba lililofukiwa, wakalifukua, wakalipasua na kunywa. Msimu uliopita walikuwa wamefanya hivyo, tangi lote likamwagika porini, na vijiji viwili vikaenda kuchota maji mbali.

Bosi aliwauliza katika mkutano, "Mtu akipata maji, anasema?"

"Anasema," wakajibu wote, wanaume kwa wanawake.

Hakuna aliyedanganya. Bosi akaenda kuandika programu kama alivyoambiwa.

Tulifunga Juu ndani ya sanduku la bati pembeni ya tangi, na Chini kibandani, kila moja na sola yake na betri yake. Siku ya kwanza maji yalitoka, watu wakapiga makofi, na baada ya nusu saa yakakatika. Siku ya pili vilevile. Mlinzi wa tangi, mwanamume mwenye tumbo dogo gumu na hasira za karibu, aliweza kubonyeza kitufe cha kuanza upya, na maji yakaja nusu saa nyingine kisha yakakatika tena. Watu wa chini wakasema watu wa juu wamenunua mashine ya choyo. Mlinzi akasema kama yeye ni mchoyo basi waje wabebe sanduku lao wakalifugie kuku.

Bosi alidhani ni mtandao. Kasigau simu hushika upande mmoja wa mlima na kupotea ukigeuza shingo, na soketi ina ugonjwa wake unaojulikana: laini inaweza kufa katikati na pande zote mbili zisijue. Kila seva inaendelea kuamini kwamba mlango bado uko wazi, inasema na hakuna anayesikia. Dawa yake ni seva kuulizana kila mara, "Upo?" na "Nipo," hata kama hakuna la kusema. Jibu lisipokuja, mlango unavunjwa na kufunguliwa mwingine, na ujumbe uliokuwa haujafika unatumwa tena ukiwa na namba yake, usije ukahesabiwa mara mbili. Bosi alikuwa hodari katika hayo. Aliyaandika yote kwa siku moja akiwa Voi, akayatuma, nikayaweka. Tangu hapo laini haikukatika bila kujiunga tena. Niliona kwa macho yangu kwenye kumbukumbu za seva: upo, nipo, upo, nipo, kama watu wawili walioogopa giza.

Na maji yaliendelea kukatika.

"Kaa huko," bosi akaniambia kwa simu. "Kaa mpaka uone kinachotokea. Usiniletee hadithi, niletee kinachotokea."

Kukaa mahali pageni ndiyo kazi ninayoiweza. Nilipata pa kulala katika jiko la mama mmoja ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, mbali na kibanda, karibu na vichaka. Alikuwa ametumikia nyumba za watu Mombasa miaka mingi, akarudi kwao mikono mitupu, na kamati ikampa kipande hicho ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Msimu wake wa kwanza mazao yalikauka. Sheria ya kamati ni kwamba shamba likikaa misimu miwili bila mmea, zamu yake ya maji hupewa mtu mwingine, na shamba lisilo na zamu huko ni uwanja wa kuchezea upepo. Huu ulikuwa msimu wake wa pili. Alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya, mizuri, imesimama kama watoto kwenye mstari wa shule, na ilikuwa imefika wakati wa kuhamishwa. Zamu yake ilikuwa Alhamisi.

"Mashine yako ikiniua nyanya," aliniambia siku niliyofika, akinikaribisha chai, "nitakupanda wewe kwenye hayo mashimo."

"Sitaota, mama."

"Utaota tu. Watu wa Voi mnaota popote."

Wenzake wa karibu na kibanda walivumilia. Walikuwa na mapipa, mipira yao ya maji ilikuwa mifupi, na nusu saa iliwapa kitu. Yeye maji yake yalitoka kibandani kwa mfereji mrefu wa udongo, na katika nusu saa mfereji wenyewe haukuwa umeshiba.

Alhamisi hiyo alipanda miche asubuhi na mapema, yote, kwa sababu kitaluni ilikuwa imeanza kubanana na kupauka. Kisha tukaenda kibandani pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Nikafungua kompyuta ya kupakata niliyoazimwa na bosi, nikaiunganisha na Chini, nikatazama. Ujumbe ukaja: Juu, nimefungua. Chini ikajibu, nimesikia. Tukangoja. Bomba likakohoa hewa, likatema kutu, kisha maji yakaja, kwanza mekundu, halafu safi, yakaanza kujaza mfereji.

"Mama, bonyeza."

Alikuwa amesimama kando ya kitufe, mikono kiunoni, akitazama mfereji wake.

"Nibonyeze nini?"

"Kitufe. Maji yamefika."

"Yamefika wapi? Wewe unayaona shambani kwangu?"

"Yamefika hapa."

"Hapa pana nyanya?"

Jirani mmoja aliyekuwa akikata majani ya mbuzi akaangua kicheko, akasema, "Mwache mama anyamaze, kijana. Hata sisi tulinyamaza." Nikamtazama mama. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alikuwa na utulivu wa mtu anayefanya jambo alilolifanya maisha yake yote na mama yake kabla yake. Kwenye kioo cha kompyuta, Juu ilikuwa ikingoja. Programu ya JavaScript haikai imeduwaa ikisubiri jibu. Inajiwekea ahadi kwamba jibu litakuja, inaendelea na shughuli nyingine, upo, nipo, na jibu likija inarudi kulipokea. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Nusu saa ikafika, Juu ikaandika "hakuna habari, nafunga," na bomba likanyamaza.

Maji yalikuwa yamefika robo tatu ya mfereji. Yakasimama hapo, yakaanza kunywewa na udongo.

Mama alitazama mfereji, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Alichukua ndoo akaanza kuchota yale yaliyobaki kabla hayajazama, akimwagia mche mmoja mmoja kwa kikombe. Nikachukua sufuria nikamsaidia. Tulifika mstari wa nne.

Mlinzi alijaribu kuanza upya mara mbili, lakini tangi lilikuwa limeshuka chini ya alama ya akiba na Juu ikakataa.

Kesho yake nilipanda mlimani. Nilimkuta mlinzi akisuka kamba, nikamwambia nilichokiona. Hakushangaa.

"Ananyamazia maji," alisema. "Kila mtu hunyamazia maji."

"Kwa nini?"

"Ukisema yamefika, saa inaanza. Kwa hiyo husemi. Unaacha yaloweshe kidogo, mistari miwili mitatu, ndipo unasema. Ukizidisha, majirani wanakutazama na unaona haya. Usipozidisha hakuna neno. Udongo wa mfereji unakunywea maji ya kwanza, kwani nani atakufidia?"

"Na wewe siku ya zamu yako?"

"Mimi?" Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mimi hunyamaza kuliko wote. Mke wangu huja kuangalia kama nimekufa."

"Sasa mbona hamkusema kwenye mkutano?"

"Tuliulizwa kama mtu husema. Husema. Hatukuulizwa ni lini."

Kisha akaacha kicheko. Akanieleza ya msimu uliopita, siku ya ndovu. Alifungua maji, akampigia mwenye zamu, akaambiwa bado. Akangoja. Akapiga tena, bado. Akasema moyoni, huyu leo ananyamaza vizuri, akaendelea kusuka kamba zake. Kumbe kweli yalikuwa bado. Ndovu walikuwa wakinywa. Tangi lilipokauka ndipo alipojua. Ndiyo maana kamati ilitaka ile nusu saa, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kueleza mbele ya mgeni kwa nini walichelewa kujua.

Kuna jiwe moja chini ya tangi ambalo ukisimama juu yake simu inashika. Nikampigia bosi.

"Waambie wabonyeze, basi!" alisema. "Maji yakitoka, bonyeza. Nini ngumu?"

"Hawatabonyeza."

"Hiyo si hitilafu ya programu, buda. Hiyo ni tabia ya watu."

"Tabia ilikuwa hapa kabla ya programu."

"Kwa hiyo nitoe nusu saa? Ndovu wakija je? Hao hao watanipigia simu wakilia."

Alikuwa na haki. Nusu saa ilikuwa lazima ibaki. Nilikaa juu ya jiwe, simu sikioni, salio likiisha. Nilikuwa nikifikiri habari za "nimesikia." Seva zetu zilikuwa na adabu hiyo tayari: Chini ilijibu "nimesikia" mara tu ujumbe ulipoingia, kabla ya mtu yeyote kufanya lolote, na hakuna aliyegombana na jibu hilo kwa sababu halikumlipisha mtu chochote. Ugomvi ulikuwa kwenye kitufe. Kitufe kimoja kilikuwa kikisema mambo mawili: bomba ni zima, na saa yangu ianze. La kwanza mlinzi alilihitaji haraka. La pili mwenye zamu alilitaka taratibu.

"Tugawe," nikasema. "Jumbe mbili. Mmoja useme maji yameonekana, na huo uzuie valvu isifunge. Mwingine useme nimepokea, ndio uanzishe saa."

"Na mtu akinyamazia ule wa pili siku nzima?"

"Wana majirani."

"Siandiki majirani kwenye programu."

"Weka kikomo kirefu, basi. Kirefu kupita muda wa mtu kuanza kuona haya."

Nikamsikia akicheka. "Andika wewe. Nitakagua kabla hujaiweka. Na usibadilishe kitu kwenye laini yangu, inafanya kazi."

Niliandika nikiwa kibandani, kompyuta ikinyonya umeme wa sola ya Chini, nikiwa na kuku wawili wa jirani miguuni. Haikuwa programu ndefu. Kazi kubwa ilikuwa kuipima, kwa sababu sikutaka kuipima kwa maji ya mtu. Nilizifanya Juu na Chini ziamini kwamba valvu imefunguka wakati haijafunguka, nikakata laini katikati kwa makusudi, nikairudisha, nikaona kama "maji yameonekana" ingefika mara moja tu na si mara mbili. Bosi alinirudishia mara tatu na maneno makali. Mara ya tatu alikuwa ameona kosa ambalo lingefungua maji bila kikomo laini ikikatika kabla ya saa kuanza, na nilimshukuru.

Wakati huo mama alibeba maji kwa mtungi kutoka kisimani kila asubuhi na kila jioni. Aliwekea miche vivuli vya matawi. Mistari ya mwisho ilikufa. Iliyobaki ililala mchana na kuamka jioni, na kila jioni michache haikuamka. Alinipa ugali kama kawaida, nikala haraka nikarudi kibandani kuandika.

Jumatano kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaeleza vitufe viwili, cha bluu na cha kijani. Swali likaja mara moja: nani atabonyeza cha bluu?

"Mwenye zamu," nikasema.

"Hapana," akasema mwanamke mmoja. "Leo mnasema cha bluu hakianzishi saa. Kesho mtabadilisha huko Voi na hatutajua. Mimi sibonyezi."

"Basi jirani yake."

"Jirani yangu?" mwingine akasema. "Huyo akibonyeza nitasema ameniharakisha. Mimi nikimbonyezea, atasema hivyo hivyo."

Wakazunguka mduara mzima. Kila aliyetajwa alikuwa na shamba, na kila mwenye shamba alikuwa na sababu ya kuona maji mapema au kuchelewa kuyaona. Mwishowe mlinzi, aliyekuwa amekaa nyuma akichokonoa meno, akaninyooshea kijiti.

"Huyu hapa. Hana shamba, hana mke, hana kuku. Hana hata mche wa bangi."

Ukumbi ukacheka. Mama wa shamba la mwisho hakucheka. Alisema, "Abonyeze yeye. Nimemwona akichota kwa sufuria." Ikapita.

Katika maisha yangu sijawahi kupewa kazi kwa sababu ya kutokuwa na kitu. Niliipokea.

Alhamisi tukaenda kibandani tena. Walikuja watu zaidi ya kawaida, wengine wakijifanya wanakata majani. Ujumbe ukaja, Juu, nimefungua. Bomba likakohoa, likatema kutu. Nikangoja maji yawe safi, nikabonyeza cha bluu. Kwenye kioo nikaona "maji yameonekana" ikipanda, na jibu la Juu likishuka: "nimesikia, naendelea." Nikawasomea waliokuwapo kwa sauti. Kisha hapakuwa na la kufanya.

Mama alisimama kando ya kitufe cha kijani, mikono kiunoni. Maji yalijaza mfereji, yakapita pale yalipokomea wiki iliyopita, yakaingia shambani. Nusu saa ilikuja ikapita. Watu walikuwa wakitazama bomba, si mama. Bomba likaendelea.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa mlinzi.

"Imeacha wazi," alisema, kana kwamba mimi sikuwa nikiyaona maji. "Amebonyeza?"

"Bado."

"Yamefika mstari wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Mwambie avumilie. Wa kwanza udongo unakunywa sana."

Nikamfikishia mama salamu hizo. Akasema mlinzi asimfundishe kunyamaza. Alishuka shambani, akafungua kila mstari kwa jembe, akarudi, akasimama tena pale pale. Jirani wa mbuzi alianza kukohoa kwa makusudi. Mwingine akasema kwa sauti kwamba jua leo limesimama. Mama aliposikia dokezo la tatu, sikumbuki lilikuwa nini, alitabasamu kidogo, akanyoosha kidole na kubonyeza. Saa tatu zikaanza.

Nilibaki huko mpaka wote walipopata zamu mbili mbili, nikibonyeza cha bluu kila siku, na nikaona kwamba ningezeeka hapo. Kwa hiyo nilichukua misumari miwili ya chuma kisichoshika kutu, nikaipenyeza mdomoni mwa bomba bila kugusana, nikaiunga na waya hadi kwenye Chini. Maji yakijaa, umeme mdogo unapita kati ya misumari, na Chini inasema "maji yameonekana" bila mtu. Kamati ilikuja kuikagua. Waliuliza kama misumari ina shamba. Nikasema haina. Wakaikubali.

Baadaye ndovu walikuja kweli, upande wa vichaka, wakalifukua bomba. Misumari haikuona maji, nusu saa ikaisha, Juu ikafunga, na tangi likabaki na zaidi ya nusu. Bosi alinipigia simu kunisomea kumbukumbu za seva kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wake.

Mama aliokoa mistari michache kuliko aliyopanda. Lakini mistari hiyo ilizaa, kamati ikapita kuiangalia, mwenyekiti akachuma nyanya moja na kuila hapo hapo, na zamu ya Alhamisi ikabaki yake.

Sasa niko Voi tena, kwa muda. Nimeanza kuchungulia kazi moja ya Taveta na sijui nitakaa hapa mpaka lini. Kwenye chumba cha juu ya duka, kompyuta moja huonyesha mazungumzo ya Juu na Chini, na Alhamisi asubuhi huwa naacha ninachofanya. Nimefungua. Nimesikia. Maji yameonekana. Nimesikia, naendelea. Baada ya hapo kwenye kioo huwa ni upo, nipo, upo, nipo, na hakuna kingine. Bosi huinua kichwa na kuuliza kama laini imekufa. Namwambia laini ni nzima, mama ananyamaza.